Maji, Posho, Mshahara: Siku Tano Kwenye Ngome za New Mexico

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi nyumbani, na daftari la safari bado linatoa mchanga kila nikilifungua. Naandika sasa kabla sijaanza kuchanganya siku.

Kwanza niseme kwa nini nilikwenda. Baba yangu alikuwa askari, na sehemu kubwa ya utoto wangu yeye alikuwa kwenye kambi ya mpakani. Barua zake mama alitusomea jioni kwa sauti. Hazikuwa na vita hata kidogo. Kisima kimekauka, unga umeingia fukusi, mshahara wa mwezi wa tatu haujafika. Ndiyo yalikuwa mambo yake, barua baada ya barua. Nilipoanza kusoma habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, kila kitabu kilinipeleka Virginia na Pennsylvania walikopigana maelfu kwa maelfu. Mimi nilimtaka yule aliyewekwa pembeni kabisa, jangwani, akilinda mto na barabara. Nikamkuta New Mexico, ambayo wakati ule hata jimbo haikuwa. Ilipata hadhi hiyo 1912. Basi nilipopata safari ya kikazi Marekani, niliomba likizo ya siku tano juu yake.

Siku ya 1, Jumatano: Albuquerque hadi Socorro

Gari la kukodi dola 58 kwa siku, bima juu. Nilichukua dogo kwa sababu ya bei, na kesho yake nilijuta. Barabara ya I-25 inashuka kusini sambamba na mto Rio Grande, kama kilomita 125 hadi Socorro, lami safi muda wote. Hakuna la kusimulia.

Socorro ilinipokea kwa harufu ya pilipili. Septemba ndiyo msimu wa kuchoma pilipili za kijani, wanazizungusha kwenye pipa la wavu juu ya moto wa gesi mpaka ganda linababuka, na mtaa mzima unanukia. Mchuzi wake na nyama na viazi ulinigharimu dola 12. Moteli dola 74, kitanda kizuri, maji ya moto yapo.

Kwa atakayefuata: jaza mafuta na ununue maji Socorro. Kusini yake usitegemee duka.

Siku ya 2, Alhamisi: Fort Craig

Ukitoka Socorro unakwenda I-25 mpaka njia ya kutokea namba 124, unavuka juu ya barabara kuu kuelekea mashariki, unafuata barabara ya zamani kusini kama kilomita 18, kisha unaingia changarawe kilomita 7 hivi. Kiingilio hakuna. Watu pia karibu hakuna: kwa saa nne niliona familia moja na mlinzi mmoja wa eneo.

Kilichobaki ni kuta za udongo zilizoyeyuka, vifusi, mawe meusi ya volkano na vijia vyenye mabango. Ngome ilijengwa 1854 na ikafungwa moja kwa moja 1885. Nyumba zilikuwa za matofali mabichi, sakafu ya udongo, paa la magogo lililofunikwa udongo. Mvua ikinyesha, paa linashuka kwenye blanketi lako. Tofali bichi linataka matunzo kila mwaka kama shamba, kwa hiyo askari aliyejiandikisha apate kupigana alijikuta anakanda udongo, anachanja kuni, anakata majani ya farasi, anabeba maji kutoka mtoni. Baragumu lilimwamsha alfajiri, likamwita kwenye chakula, likamgawa kwenye kazi, likamwita zamu ya lindo, likamlaza.

Nilikaa kivulini mwa ukuta nikala mkate wangu na kusoma posho yake niliyokuwa nimeinakili daftarini. Kwa siku: nyama ya nguruwe ya chumvi kama gramu 340, au ya ng'ombe kama gramu 570, unga wa ngano gramu 500 hivi. Juu ya hapo maharage au mchele, kahawa, sukari, siki, chumvi, na mgawo wa mishumaa na sabuni. Hiyo ni posho ya kwenye karatasi. Kila kitu kilisafirishwa kwa magari ya kukokotwa na nyumbu (ninasema mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti) na maksai kwa mamia ya kilomita, na njia ikikatika, karatasi hailiki. Mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa dola 11 kwa mwezi, ukapandishwa hadi 13 katikati ya 1861, hadi 16 mwaka 1864. Askari wa kujitolea wa New Mexico walikaa miezi bila kuuona. Hapo niliweka kalamu chini, nikamkumbuka mama akirudia mstari ule wa mshahara, polepole, kama anayehesabu.

Februari 1862 vita vilifika hapa kweli. Jenerali Henry Hopkins Sibley alipanda kutoka Texas na wapiganaji wapatao 2,500 wa Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga. Ndani ya ngome alikuwamo Kanali Edward Canby wa Kaskazini, upande wa serikali, na watu kama 3,800, lakini wanajeshi wa kudumu miongoni mwao walikuwa kama 1,200 tu. Wengi wa waliobaki walikuwa wenyeji wanaosema Kihispania, wakulima na wachunga kondoo, wengine wana wiki chache tu tangu washike bunduki. Mizinga haikutosha kuzunguka kuta. Wakachonga magogo, wakayalaza juu ya ukuta kama mizinga, na pembeni wakapanga kofia za askari zisizo na vichwa. Sibley akatazama kwa mbali na hakuthubutu kushambulia.

Akaamua kuizunguka ngome kwa upande wa mashariki, juu ya ule mlima bapa mweusi unaouona ng'ambo ya mto. Kule maji hakuna. Nilisimama kwenye kona ya ukuta nikautazama kwa darubini ndogo: mwamba, mchanga, kichaka kikavu, na chini yake mto unang'aa. Usiku wa tarehe 20 watu wa Texas walilala na kiu wakiwa wanaliona bonde la maji. Wanyama wao walishindwa kabisa; nyumbu zaidi ya mia moja walikata kamba wakakimbilia mtoni, wakaishia mikononi mwa adui.

Kesho yake walipigana kwenye kivuko cha Valverde, kaskazini kidogo ya ngome. Kapteni Alexander McRae, mzaliwa wa North Carolina aliyebaki upande wa Kaskazini, aliuawa akilinda mizinga yake sita, na mizinga ikachukuliwa. Canby alishindwa uwanjani, akarudi ndani ya kuta. Lakini ghala la chakula lilikuwa ndani ya kuta hizo hizo, na Sibley hakuweza kulichukua. Akaendelea kaskazini na mabehewa yenye posho ya siku chache. Kwangu mimi hapo ndipo safari yake ilipokwisha, ingawa ilimchukua mwezi mzima kulitambua hilo.

Saa tisa alasiri naondoka, kilomita mbili hivi kwenye changarawe, pancha. Jeki ya gari ilizama mchangani kila nilipoipandisha. Simu haina mtandao. Chupa yangu ya maji ilikuwa na vidole viwili. Nilihangaika kama saa moja na nusu, jua la kule linachoma bila jasho kuonekana, ndipo ikaja pikapu ya zamani ya buluu.

Alishuka mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye kofia ya majani. Hakuuliza kitu. Alifungua nyuma akatoa ubao mnene, mweusi kwa mafuta, una mashimo manne ya misumari, akauweka chini ya jeki. Gari likapanda mara moja. Akaniambia huo ubao ulikuwa wa baba yake. Alikuwa akiniita *mijo*, neno la Kihispania ambalo kwetu ungesema mwanangu. Nilipomweleza nimetoka Afrika Mashariki kuja kuangalia walivyoishi askari wa hapa, alinyamaza kidogo, kisha akasema ukoo wao unasimulia kwamba babu wa babu yake alikuwa mmoja wa wale wa kujitolea. "Hatukuachiwa hadithi ya vita," akasema. "Tuliachiwa kwamba hakulipwa."

Akaniuliza kama nitapita Santa Fe. Watu waliozikwa Fort Craig wamehamishiwa kule, na yeye magoti hayamruhusu tena safari ndefu. Akaomba nimpigie picha za makaburi hayo. Halafu akanipa galoni ya maji, lita nne kasoro, na kunielekeza kwa kidole, sauti ya mzazi: "Hapa mtu hatoki bila maji, *mijo*." Nilipomnyooshea pesa alirudi kwenye gari lake.

Kwa atakayefuata: kodi gari lililoinuka, beba kipande cha ubao, na maji lita nne kwa kila mtu. Shuka kabla ya joto la mchana.

Siku ya 3, Ijumaa: Santa Fe

Nililala tena Socorro kwa sababu spea ile nyembamba haifai kwenda kasi. Fundi alifungua saa mbili, tairi la saizi yangu likaja saa tano kasorobo. Dola 139. Kampuni ya gari ilisema hilo haliko kwenye bima yangu. Someni mkataba wenu kabla ya kutia saini.

Niliingia Santa Fe saa nane, nikaenda moja kwa moja makaburi ya taifa. Mawe meupe ya saizi moja, mistari iliyonyooka kupanda kilima. Makaburi ya Fort Craig yalikuwa yamefukuliwa na wezi wa masalia, kwa hiyo 2007 serikali iliyafukua rasmi kuyaokoa yaliyobaki: mabaki ya watu 67. Walizikwa upya hapa 2009. Nilitarajia askari watupu. Kumbe miongoni mwao walikuwamo wanawake wawili na watoto 26, wengi wachanga. Wake walifuata, wafua nguo waliajiriwa kambini, watoto walizaliwa kwenye zile sakafu za udongo. Wengine ni askari weusi waliokaa ngomeni baada ya vita, wale wanaojulikana kama Buffalo Soldiers. Mawe mengi hayana jina. Nilipiga picha kumi na moja nikamtumia mzee.

Humo humo wamo pia askari 30 wa Kusini waliopatikana 1987 kwenye kaburi moja huko Glorieta, mtu alipokuwa anachimba msingi wa nyumba.

Santa Fe ni ghali: chumba dola 148, na sikupata cha chini.

Siku ya 4, Jumamosi: Glorieta, kisha Fort Union

Njia ya uwanja wa Glorieta ina geti lenye namba ya siri, na namba hiyo unapewa kwenye kituo cha wageni cha hifadhi ya Pecos, bure. Usiende getini kwanza kama nilivyofanya. Nilipoteza dakika arobaini. Njia yenyewe ni mwendo wa kilomita tatu na nusu hivi katikati ya misonobari, karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, pumzi inakuwa fupi.

Machi 28, 1862 watu wa Sibley walipigana hapa na kikosi kilichotoka Fort Union, wengi wakiwa wa kujitolea kutoka Colorado waliovuka milima kwenye theluji. Jioni wa Kusini waliona wameshinda. Wakati huohuo Meja John Chivington, akiongozwa milimani na Manuel Chaves, mwenyeji wa New Mexico, aliteremka nyuma yao kwenye mabehewa ya mizigo akayachoma yote: unga, nguo, dawa, risasi. Mshindi akabaki uwanjani bila chakula cha jioni. Miezi michache baadaye waliobaki walikuwa wanatambaa kurudi Texas.

Fort Union iko mbali zaidi kuliko ramani inavyodanganya. I-25 hadi Watrous, njia ya kutokea 366, halafu kilomita 13 kwenye nyanda tupu. Hakuna kiingilio. Upepo haukati. Hapa ndipo ningekushauri utumie muda wako mwingi, kwa sababu ngome tatu zilijengwa kwenye bonde moja, na ya pili na ya tatu unaweza kuzifuata kwa miguu.

Ya pili ndiyo ya vita. Mwaka 1861 waliogopa mizinga ya Kusini, wakajenga boma la udongo lenye umbo la nyota, askari wakichimba kwa zamu mchana na usiku. Vyumba vilijengwa kwa magogo ya msonobari ambayo hayajamenywa gome. Gome likashika unyevu, magogo yakaoza, vyumba vikanuka na kuvuja, na askari wakatoka kwenda kulala kwenye mahema nje ya boma walilolijenga kwa mikono yao. Baadaye ikaonekana kwamba mzinga ukiwekwa kwenye mwinuko wa magharibi unalifikia boma lote. Hakuna aliyelishambulia. Leo ni vilima vya nyasi. Nilipanda pembe moja ya nyota nikakaa. Nilijisikia vibaya kwa ajili yao, niseme ukweli. Ukichimba kwa nguvu zako zote, kisha kazi yako ikuuguze kifua, hilo halipati nishani. Na vifo vya vita vile vingi, karibu theluthi mbili, vilitokana na maradhi.

Ya tatu ilianza kujengwa 1863, kubwa mno, ghala la kulisha ngome zote za kusini magharibi. Yake ndiyo mabomba ya moshi unayoyaona yamesimama peke yake kama mashina ya minazi iliyokatwa vichwa. Vyumba vya askari vilikuwa na vitanda vya mbao vya ghorofa mbili, watu wawili chini, wawili juu, godoro la majani makavu. Jela ya mawe bado iko nzima. Niliingia kwenye seli moja, nikafungua mikono, viwiko vikagusa ukuta pande zote.

Pembeni, nyasini, kuna mabonde marefu sambamba. Ni alama za magurudumu ya mabehewa ya njia ya Santa Fe. Weka mguu ndani yake. Posho yote niliyoinakili daftarini ilipita hapo.

Nililala Las Vegas, ya New Mexico si ya Nevada, dola 81. Mama mwenye mgahawa aliniongezea maharage na mkate bapa bila kuandika kwenye bili, aliposikia nilikuwa kwenye upepo tangu saa sita.

Siku ya 5, Jumapili: Fort Sumner

Karibu kilomita 170 kupitia Santa Rosa, tambarare tupu. Niliifanya kwa saa mbili.

Ningeweza kuishia Fort Union na simulizi ingekuwa nyepesi. Lakini Sibley alipoondoka, vita viliendelea mashariki kwa miaka mitatu zaidi, na askari wa huku bado walikuwa wanalishwa na serikali na wana bunduki. Jenerali James Carleton, aliyekuja na kikosi kutoka California, aliwageuzia kwa wenyeji: Waapache wa Mescalero, kisha Wanavajo, wanaojiita Diné. Kit Carson, aliyeongoza wale wa kujitolea Valverde, ndiye aliyetumwa. Askari walichoma mahindi, walikata miti ya pichi, walichinja kondoo. Njaa ikafanya kazi ambayo risasi hazikuifanya. Kuanzia 1864 zaidi ya watu 8,000 walitembezwa kwa miguu mamia ya kilomita hadi hapa, Bosque Redondo, kando ya mto Pecos. Wao hupaita Hwéeldi.

Na hapa posho ikarudi. Askari yuleyule aliyesubiri unga Fort Craig sasa alisimama kwenye ghala akiwagawia mateka unga wasioujua kuupika na kahawa mbichi wasioijua matumizi yake. Vibali vya posho vilikuwa vya karatasi, vikaghushiwa; vikafanywa vya chuma, mafundi wa Kinavajo wakavitengeneza vyao. Mahindi yaliliwa na viwavi msimu baada ya msimu. Kuni ziliisha wakaenda kuchimba mizizi ya miti mbali sana. Maji ya Pecos yalikuwa na magadi na yaliwaharisha. Watu wapatao 2,000 walikufa. Juni 1, 1868 mkataba ulitiwa saini wakaruhusiwa kurudi kwao.

Nimemwandika askari huyu kwa huruma siku nne, na siwezi kuifuta. Lakini nilipokuwa kwenye jumba la kumbukumbu nilishindwa kupiga picha. Nje kuna rundo la mawe ambayo Wanavajo waliyaleta 1971 kutoka sehemu mbalimbali za nchi yao. Nilikaa karibu nalo. Nilishuka mtoni, nikachovya kidole, nikaonja. Ladha ya chumvi chungu, ikakaa ulimini. Nikasukutua kwa maji ya galoni.

Piga simu kabla ya kwenda, siku za kufungua hubadilika. Kutoka hapo hadi Albuquerque ni saa mbili na nusu kwa I-40. Kwa siku tano, bila ndege, nilitumia dola 1,046, tairi likiwamo.

Jioni, nikiwa nasubiri kurudisha gari, simu ililia. Yule mzee alikuwa amefungua picha za makaburi. Aliandika kwamba amezionyesha kwa wajukuu, na kwamba jiwe la tatu kutoka kushoto kwenye picha ya saba halina jina, kwa hiyo wameamua ndiye. Chini yake akaongeza: "Maji bado yapo?"

Niliangalia galoni kwenye kiti cha mbele. Ilibaki kama nusu lita.